Baba, Hii Haiko Sawa

Mwezi huu ninataka kukueleza habari ya ndege moja, na habari ya kamio moja. Ndege ilianguka mbali sana na sisi, kule Marekani. Kamio ilianguka karibu na sisi, na mimi nilikuwa ndani yake. Ya ndege nilielezwa na mzee mmoja wa kanisa letu ambaye alikuwa fundi wa ndege miaka mingi. Nilipoisikia sikulala usiku ule, kwa sababu maneno waliyosema wale watu wawili mbele ya kufa niliyajua. Niliyasikia mimi mwenyewe, kwa Kiswahili, katika barabara ya udongo upande wa Kambove.

Nianze na ndege.

Siku ya theluji

Ilikuwa tarehe 13 Januari 1982, katika mji wa Washington. Theluji ilianguka kwa wingi. Sisi huku hatujaona theluji, lakini fungua frigo ya zamani uangalie ile barafu nyeupe inayoshika pande zote. Ndiyo hiyo, lakini inashuka kutoka mbinguni na kufunika njia, nyumba na mabawa ya ndege. Uwanja ulifungwa kwa muda kusudi watu waondoe theluji kwenye njia ya kurukia. Ndege ya kampuni Air Florida, namba 90, ilipaswa kuondoka saa 8 na robo ya mchana kwenda Florida, kule kwenye joto. Ilichelewa. Ikapita saa nzima, karibu saa mbili.

Ndani ya ndege walikuwa watu 79. Mbele kabisa walikaa wawili. Komanda alikuwa na miaka 34. Kopiloti alikuwa na miaka 31, na kazi ya kushika usukani siku ile ilikuwa yake. Ona vizuri: hawakuwa mzee na mtoto. Tofauti yao ya miaka ni kama ya ndugu wawili waliofuatana tumboni. Kilichowatenga ni cheo tu.

Wafanyakazi walimwaga dawa ya moto juu ya ndege kuyeyusha barafu. Ikaja motokari ya kusukuma ndege nyuma, lakini magurudumu yake yakateleza. Wale wapiloti wakajaribu kurudi nyuma kwa nguvu ya mota za ndege yenyewe, jambo ambalo halifai katika theluji. Mwisho ikaja motokari ingine yenye minyororo. Halafu wakapanga mstari na ndege zingine, wakangoja zamu yao. Tangu dawa kumalizika hata wakati wa kuruka zilipita dakika 49 hivi. Theluji iliendelea kuanguka juu ya mabawa.

Kuna kitu kimoja cha kuangalia hapo. Mbele ya kuondoka, wapiloti husoma orodha. Mmoja anataja kitu, mwingine anajibu namna kilivyo. Kopiloti akafika kwenye chombo cha kuzuia barafu ndani ya mota. Komanda akajibu kwamba kimezimwa. Katika theluji ile! Kopiloti hakuuliza, akaendelea na neno lililofuata katika orodha. Wote wawili hawakuwa na mazoea mengi ya theluji. Pengine mdomo ulijibu yale uliyozoea kujibu katika nchi ya joto, na sikio nalo likapokea yale lililozoea kupokea. Ndugu, tunasoma orodha ngapi namna hiyo? Hata sala ya chakula tunaisema vile, na kijiko kimekwisha kuingia mdomoni.

Wakati wa kungoja, kopiloti alizungumza mara nyingi juu ya barafu. Alisema kazi ile ya kuondoa barafu ni vita ya kushindwa, inampa mtu kujidanganya kwamba yuko salama. Aliona vipimo vya mota ya kushoto na ya kuume havifanani, akaonyesha. Wakatafuta sababu, wakapata moja iliyowatuliza: pengine ni hewa ya moto ya ndege iliyo mbele yao. Mambo yakaishia hapo. Kila mara aligusa shauri lenyewe, lakini hakusema hata mara moja: «Komanda, turudi tukamwagiwe dawa tena.» Alizungumza kama mtu anayezungumza juu ya mvua.

Maneno manne

Karibu saa 10 kamili, mtu wa mnara akawaambia waondoke bila kukawia, maana kulikuwa na ndege ingine inakuja kutua nyuma yao. Haraka. Kumbuka neno hilo, ndugu, maana nitalirudia.

Sasa nieleze kidogo kazi ya kipimo, kusudi uelewe. Katika ndege ile kulikuwa na kipimo kinacholinganisha upepo unaoingia mbele ya mota na upepo unaotoka nyuma. Tofauti hiyo inaonyesha nguvu ya mota. Lakini tundu dogo la mbele likizibwa na barafu, kipimo kinasema uongo. Wao walisukuma mota hata kipimo kikasoma 2,04, namba ya kuruka. Lakini nguvu ya kweli ilikuwa karibu 1,70. Ni kama kilo ya sokoni iliyoharibika: mshale unaonyesha kilo tano, na katika mfuko iko kilo nne tu. Lakini vipimo vingine pembeni havikuzibwa. Vile vilisema kweli.

Ndege ikaanza kukimbia. Kopiloti akaona. Akasema kwamba ile haionekani sawa, si vile? Halafu akasema haiko sawa. Komanda akamjibu kwamba iko sawa, akataja namba: themanini. Namba hiyo ni ya mbio za ndege. Kopiloti alisumbuliwa na vipimo vya mota, na komanda akamjibu kwa kipimo cha mbio! Wamekaa bega kwa bega, katika chumba kidogo kama jiko la mama pasta, na kila mmoja anasoma saa yake.

Kopiloti akasema tena kwamba hafikiri iko sawa. Halafu, na hapa ndipo moyo wangu ulivunjika, akasema: pengine ni sawa. Komanda akataja namba ya mbio ingine, mia moja na ishirini. Kopiloti akasema hajui.

Ndiyo hayo. Katika kukimbia kwa karibu sekunde 45, mahali pa sekunde 30 za kawaida, aliona hatari, akaitaja, akaitaja tena, akajirudi, akanyamaza. Kusimamisha ndege ilikuwa amri ya komanda, na nafasi ya kusimama bado ilikuwako. Tena kulikuwa na nguvu nyingine ndani ya mota ambayo hakuna aliyeitumia, kwa sababu kipimo chenye uongo kiliwaambia nguvu imetosha.

Ndege iliruka, lakini ilipanda mita mia moja na kidogo tu. Ikaanza kutetemeka. Karibu nusu dakika baadaye ilianguka juu ya daraja lililojaa motokari za watu waliotoka kazini mapema juu ya theluji ile, halafu ikaingia katika mto Potomac, uliofunikwa na barafu. Neno la mwisho la kopiloti lilikuwa kumwita komanda kwa jina lake la nyumbani, na kumwambia wanaanguka. Komanda akajibu kwamba anajua. Mara ile walielewana kabisa, lakini wakati ulikuwa umekwisha.

Ndani ya ndege walikufa 74. Juu ya daraja walikufa 4. Wakapona watano tu. Katika maji yale alikuwako mtu mmoja, Arland Williams, mfanyakazi wa mambo ya benki. Helikopta ilipomshushia kamba, yeye aliipitisha kwa wengine, mara moja na tena. Iliporudi kwake, hakuonekana tena. Daraja lile leo linaitwa kwa jina lake. Vijana, muweke jina hilo katika kichwa. Lakini ujue pia kwamba hakungehitajika shujaa wa kufa katika maji, kama hapo juu watu wawili wangesikilizana katika sekunde 45.

Kamio yetu

Sasa nifike kwa yangu. Nimekawia, unaona. Ni rahisi zaidi kueleza makosa ya Wamarekani.

Ilikuwa mwezi wa pili, wakati wa mvua, miaka mingi imepita. Mimi vilevile nilikuwa na miaka 34. Nilikuwa nimetoka shule ya Biblia miaka michache tu, na nilipewa kuangalia makanisa kadhaa ya vijijini. Siku ile tulipaswa kufika kwenye mkutano wa akina mama. Tulikuwa na kamio ya zamani, na nyuma yake walikaa mama 17 wa kwaya na vyungu vyao, unga wao na ngoma. Nilikaa mbele na shofere, kijana wa miaka 22 aliyejifunza kazi katika garaji la mjomba wake. Alikuwa mtoto wa kanisa. Nilimbatiza mimi.

Asubuhi, watu walipokuwa wanapanda, alinijia kando akaniambia polepole: «Baba pasta, pedali ya fren inashuka sana kupita jana.»

Nilimjibu: «Hii kamio ni ya zamani, mwana. Inakuwaka vile.»

Ona, nilijibu. Sikunyamaza. Nilitoa jibu kabisa, tena la mtu anayejua. Lakini juu ya kamio sikujua kitu. Nilijua tu kwamba saa 4 tungepaswa kuwa kwenye mkutano, kwamba wazee wa parokia ingine watakuwako, na kwamba mara iliyopita tulifika tumechelewa watu wakacheka.

Tukaenda. Kisha kilometa 20 hivi akaniambia tena: «Baba, tunaweza kusimama kidogo tuangalie?»

Nikamwambia: «Tutaangalia kule tunafika. Bantu banatungojea.»

Akasema: «Sawa, baba.»

Tulipofika juu ya mlima, pale barabara inaposhuka kwenda kwenye daraja dogo la miti, alipunguza mwendo. Akaniangalia. Nakumbuka macho yake kuliko maneno. Akasema: «Naona kama hii haiko sawa, baba.» Mimi nilikuwa nasoma karatasi ya mahubiri yangu. Nikasema, bila kuinua kichwa: «Iko sawa. Mungu yuko pamoja nasi.» Akakaa kidogo, halafu akasema: «Pengine ni sawa.»

Sasa unaelewa kwa nini sikulala siku niliposikia habari ya Washington.

Fren ilikufa katikati ya mlima. Kijana alifanya yote ambayo mtu anaweza kufanya. Alirudisha vitesi, akaisugua kamio kwenye ukingo wa udongo, akapiga honi mpaka chini. Tuligonga mti wa daraja, kamio ikalala ubavu katika kijito. Maji hayakuwa mengi. Hakuna aliyekufa, na kila siku ninasema asante. Lakini mama mmoja alilaliwa na ubavu wa kamio kwenye mguu. Walimkata mguu chini ya goti. Alikuwa na watoto watano, na alikuwa analima shamba yeye mwenyewe.

Ndugu msomaji, kama habari ingeishia hapo, ningekuwa mtu aliyekosa kusikiliza. Wako wengi. Lakini haiishii hapo.

Baada ya majuma mawili wazee wa kanisa walikaa kuchunguza. Waliuliza: «Kuna mtu aliyejua mbele ya safari kwamba fren haiko muzuri?» Kijana alikuwa amesimama mbele yao. Aliniangalia, mara ya pili na macho yale yale. Hakusema neno. Alingoja mimi niseme. Na mimi nikasema kwamba ni mambo ya mvua na barabara, na kwamba shofere wa kamio ndiye mwenye kazi ya kuangalia kamio.

Lile la pili ni kweli. Kila neno nililosema lilikuwa kweli. Ndiyo njia tunayodanganya sisi watu wa kanisa.

Wakamwondoa katika kazi. Wakasema alikimbiza. Mitaani watoto walimwita jina baya. Aliacha kuja ibadani, na mimi nilihubiri kila Jumapili nikiangalia kiti chake kikiwa wazi. Ikapita miezi saba. Usiku mmoja mama watoto wangu aliniuliza, tukiwa tumekwisha kuzima taa: «Yule kijana, asubuhi ile, nilimwona amekuita kando. Alikuambia nini?» Hakuniuliza tena. Hakuongeza kitu. Lakini swali lile lilikaa katika nyumba kama mgeni asiyeaga.

Siku ya tatu nilikwenda kwa wazee, nikasema yote. Halafu kwa baba na mama wa kijana. Halafu kwa mama aliyekatwa mguu, na huko ndiko miguu yangu ilikuwa mizito. Alinisikiliza akichambua sombe. Nilipomaliza akasema tu: «Mimi nilijua, baba pasta. Tulisikia pale nyuma ile fren inalia. Tulisema kati yetu, lakini tulisema: baba pasta yuko mbele, yeye anaona.»

Fikiri neno hilo. Mama 17 walisikia. Shofere alijua. Mtu mmoja tu katika kamio ile hakujua, na ndiye aliyekuwa anaamuru.

Heshima na kusema wazi

Sisi tulilelewa vizuri. Mtoto haangalii baba machoni, na bibi hamkatai bwana mbele ya watu. Mfanyakazi hamwambii shefu «hapana». Anasema «pengine», anasema «samahani», anasema «naona kama». Sitaki kuharibu heshima hiyo, ni mali ya wazee wetu. Lakini angalia: yule kopiloti hakuwa mtoto wa Kiafrika aliyefundishwa kuinama, na alianguka katika shimo lile lile. Kumbe si jambo la kabila. Ni jambo la kiti. Aliye katika kiti cha pili anapunguza neno lake, na aliye katika kiti cha kwanza analisikia neno likiwa limekwisha kupunguzwa.

Wenye ndege wenyewe waliliona hilo, na walilipa bei kubwa. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa ziligongana chini, katika ukungu, wakafa watu 583. Komanda wa moja alianza kukimbia bila ruhusa ya kuruka. Fundi aliyekaa nyuma yake aliuliza kama ile ndege ingine haijatoka njiani. Aliuliza, hakusema «simama». Akajibiwa kwa nguvu kwamba imetoka, akanyamaza. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya United Airlines ilianguka katika mji wa Portland kwa kumaliza mafuta, komanda akishughulika na tatizo la magurudumu. Waliokaa naye walitaja mafuta, lakini hawakumshika kwa neno la kumwamsha. Walikufa watu kumi.

Mwaka 1979 NASA, wale wa mambo ya anga ya Marekani, iliwakusanya wataalamu kuchunguza jambo hilo. Mwaka 1981 United ilianza kuwafundisha wapiloti wake namna ya kusemezana. Leo mafundisho hayo yako karibu pote ulimwenguni. Kopiloti anafundishwa kusema kwa mpango: mwite mwenzako, sema unachoona, sema tufanye nini, ngoja jibu. Na komanda anafundishwa jambo lililo gumu zaidi: kuuliza, halafu kufunga mdomo.

Je, inasaidia? Mwaka 1989 ndege ya United namba 232 iliharibikiwa mota ya nyuma angani, na usukani wote ukafa. Komanda Al Haynes hakujifanya mwenye kujua. Aliwasikiliza wenzake wote, hata piloti mmoja aliyekuwa kati ya abiria aliitwa mbele, wakaongoza ndege kwa nguvu ya mota mbili zilizobaki. Ilivunjika ilipotua katika mji wa Sioux City, na wengi walikufa. Lakini kati ya watu 296, zaidi ya 180 walipona, katika ndege ambayo hakuna aliyetazamia ifike. Haynes mwenyewe alisema mara nyingi kwamba hakuwa peke yake.

Wewe unayesoma hapa katika mji wa migodi, jambo hili si geni kwako. Baba zetu walioshuka chini ya ardhi walikuwa wanapiga paa kwa chuma kirefu mbele ya kuanza kazi. Jiwe likilia kwa sauti kavu, ni zima. Likilia kama ngoma, limeachana, litaanguka. Yule anayesikia sauti ya ngoma, hata kama ni mgeni wa siku ya kwanza, hasemi «samahani shefu, naona kama pengine». Anasema «toka!» Na shefu anatoka kwanza, anauliza baadaye. Na ninyi vijana mnaochimba kwa mikono, mnaoitwa krezeri, mnajua vizuri ni nani amezikwa kwa sababu mwenzake aliona ufa, akaona haya kuutaja.

Soma pia habari ya Naamani katika 2 Wafalme 5. Jemadari mkubwa amekasirika, anataka kurudi nyumbani na ukoma wake. Ni watumishi wake waliomkaribia. Walimwita baba, kwa heshima yote, lakini walimwambia wazi kwamba anakosa. Na yeye, mtu wa vita, akashuka mtoni. Ukuu wake siku ile ulikuwa katika sikio.

Tufanye nini nyumbani

Kwako uliye katika kiti cha pili, kijana, mama, mfanyakazi: usifiche neno zito ndani ya «pengine». Heshima iweke katika sauti na katika jina unalomwitia mtu. Lakini jambo lenyewe liache na uzito wake. «Baba, fren haifanyi kazi. Tusimame sasa.» Ni maneno machache, na hayana matusi. Akijibu jambo lingine, kama yule komanda aliyejibu kwa kipimo cha mbio, mwambie: «Siulizi hilo, baba. Ninasema juu ya fren.»

Na wewe uliye katika kiti cha kwanza, mzazi, shefu, mwalimu, pasta mwenzangu: usikie «pengine» kama kengele. Mtu wa chini yako akikuambia «naona kama», ujue moyoni mwake amekwisha kuona kabisa. Akisema jambo mara ya pili, simamisha kamio. Saa ya haraka ndiyo saa ya kusimama. Na ukitaja jina la Mungu kusudi kumfunga mwenzako mdomo, kama nilivyofanya mimi juu ya mlima ule, umelitumia vibaya.

Jioni moja ya mwezi huu, mkiisha kula, baba aulize mtoto wa mwisho: «Ni jambo gani unaliona katika nyumba hii ambalo mimi silioni?» Halafu anyamaze. Asijitetee. Itakuwa ngumu, ninakuambia mapema. Mimi mara ya kwanza niliambiwa mambo matatu, na moja sikulipenda hata leo.

Unaweza kuuliza habari za watu wangu. Mama yule bado yuko katika kwaya. Anaimba ameketi, na sauti yake inafika mbali kuliko ya waliosimama. Kanisa lilimsaidia kupata mguu wa kutengenezwa, lakini shamba lake analima mwanawe. Kijana alinisamehe, alisema hivyo mbele ya wazee, na ninamwamini. Leo anaendesha kamio kubwa sana la kubeba mawe. Lakini hakurudi katika kanisa letu. Anasali kwingine, na nilipomuuliza sababu, alisema kwa adabu kwamba kule ni karibu na nyumba. Nilipima. Si karibu.

Sikumsukuma zaidi. Lakini mwaka uliopita tulikutana njiani, mimi niko katika gari la mtu mwingine, limesimama kando na shofere wake kijana ameinama chini ya gurudumu. Yeye akasimamisha, akashuka, akatusalimu. Akauliza: «Kuna nini, baba?»

Nikamwambia: «Huyu mwana amesikia sauti ingine. Amesema tusimame.»

Akaangalia yule kijana chini ya gari, akaniangalia mimi. Halafu akavua koti lake la kazi, akalitandika chini, akaingia kumsaidia.